Mgongo wa Ken

Dortmund, 9 Oktoba 1983

Kaka Raymond,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Sheila na yule paka wenu mwenye jicho moja. Mimi huku sijambo, ila vidole vimechubuka kwa matofali hadi kufunga vifungo vya shati ni kazi ya asubuhi nzima. Tunajenga ghala lenye ukuta mrefu kuliko mtaa wa kwa Mama. Waashi kutoka Uingereza tumo tisa katika kibanda kimoja, wote wanakoroma, na mmoja anaimba usingizini, tena vibaya. Mwambie Mama biskuti zake zimefika zikiwa unga. Nimezila hivyo hivyo kwa kijiko na nimemkumbuka.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe. Nani anakaa kwenye kiti changu?

Usinicheke. Siku ile stesheni ulinishika bega ukasema, "Nenda Nev, miezi sita siyo milele, kiti chako cha dramu hakiendi kokote." Sawa, nimekusikia. Lakini Jumamosi bendi lazima ipige, na Alhamisi ni jukwaa huria, na watu wa Alhamisi nawajua mimi. Yeyote mwenye jozi ya vijiti anaandika jina lake kwenye ubao wa Wilf pale kaunta, akiitwa anapanda, anaanza kulia, "Nani kaziweka hizi dramu kinyume?" Ziko kinyume kwa sababu mimi natumia mkono wa kushoto, na ni dramu zangu, na nimewaachia pale bure. Anayetaka kupiga apige zilivyo. Zisigeuzwe, Raymond. Mwambie Wilf, baa ni yake, watamsikiliza.

Halafu yale mashindano ya bendi za baa, ya kiwanda cha bia. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Machi, na fainali ni Jumamosi ya Pasaka kule Hull. Mchujo nitaukosa. Mkifika fainali nitakuwepo hata kwa kuogelea. Miaka kumi na moja tunapiga pale baa ya Bosun, watu wametupa kisogo wanatazama wanaorusha vishale. Mara hii nataka wageuke.

Jana nilimkumbuka Trevor na kinanda chake, nikacheka peke yangu juu ya ukuta. Unakumbuka ulivyomwambia? "Trev, bendi imekufa. Mgongo wa Ken haumruhusu tena kubeba spika, Wilf anataka kuleta mashine ya muziki, na Sheila nyumbani kaniwekea ngumu." Maskini Trevor akatununulia bia ya rambirambi! Wiki mbili baadaye tuko jukwaani palepale, tunaitwa The Trawlermen, watu walewale kasoro yeye. Nilimsimulia Mskoti mmoja hapa kibandani, akaniambia, "We, kwani kuna bendi ya baa inayomfukuza mtu? Inakufa, inafufuka, basi." Kumbe ni kila mahali.

Nijibu upesi.

Nev


Grimsby, 6 Novemba 1983

Mdogo wangu Nev,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mabomba ya watu yanapasuka mfululizo kwa baridi hii, nafika nyumbani nimelowa hadi soksi. Mama yupo, magoti ndiyo yanamtesa. Daktari kamwambia apunguze kupanda ngazi, naye kamwambia daktari apunguze maneno. Sheila anakusalimu. Paka alipotea siku tatu, karudi amenenepa, kwa hiyo ana nyumba nyingine mahali. Bandarini kimya, meli mbili zaidi zimefungwa, na ukipita sokoni wauza samaki wanapiga soga tu.

Bendi ipo, tunaendelea. Kuna mtu anatushikia pale nyuma, usiwe na wasiwasi. Alhamisi zimechangamka kweli. Watu wanajaa, na mambo yanakwenda haraka siku hizi, mtu akiitwa anapanda na kupiga, hakuna tena kusubiri fulani ahangaike na dramu.

Mchujo tulipita. Nilitaka kuanza na hilo, nikasahau.

Kuhusu Krismasi, usijisumbue. Bahari imechafuka, wenye feri wanaahirisha safari kila leo, na nasikia kazi za sikukuu huko zinalipa vizuri. Mama ataelewa, nitazungumza naye mimi. Pumzika, kula soseji zao, Pasaka si mbali.

Kaka yako,
Raymond


Dortmund, 20 Novemba 1983

Kaka Raymond,

Asante kwa barua. Pole kwa soksi. Mama naomba asipande ngazi, kitanda chake kishushwe chini, chumba cha mbele hakina kazi yoyote zaidi ya kutunza vikombe visivyonywewa chai.

Ulisahau kuniambia kwamba tumepita mchujo? Ulisahau? Tumejaribu mara nne tangu mashindano yaanze, tukatolewa mara nne. Mwaka wa tatu Ken alilia chooni tukajifanya hatumsikii. Leo tumepita, wewe unaniandikia kwanza habari za paka.

Na huyo mtu anayeshikia, hana jina? Ni yule mtoto wa mwenye bucha? Ni yule askari mstaafu anayepiga kama anapigilia misumari? Niambie tu, sitamla. Tena hilo la watu kutohangaika na dramu siku za Alhamisi sikulielewa. Miaka yote walihangaika. Kimetokea nini wasihangaike?

Huku nimepata pa kupoteza jioni zangu. Karibu na kibanda chetu kuna baa, Jumatano wanapiga yeyote anayetaka, kama kwetu, ila hawana ubao, unamwambia tu Jürgen. Yeye ni fundi umeme, anapiga gitaa la besi, mwili kama kabati. Jumatano iliyopita nilipiga nao. Ilivyokuwa nitakusimulia siku nyingine.

Krismasi nakuja. Nimeshaongea na msimamizi, tarehe ishirini na mbili naondoka. Jumamosi ya mkesha nataka kukaa kwenye kiti changu. Huyo bwana mshukuru kwa niaba yangu, mwambie nitamnunulia bia.

Nev


Grimsby, 12 Desemba 1983

Mdogo wangu mpendwa Nev,

Tunaendelea vizuri kiafya. Kitanda cha Mama nimekishusha, vikombe vimehamia juu, sasa analalamika kwamba vikombe vina chumba kizuri kuliko yeye. Theluji ilianguka kidogo jana.

Nev, nina habari mbaya, na sikutaka uzikute Wilf anakusimulia kaunta. Bendi imekufa. Nimekaa nalo moyoni wiki nzima nikitafuta jinsi ya kukuandikia. Mgongo wa Ken haumruhusu tena kubeba spika. Wilf naye anataka kuleta mashine ya muziki, anasema vijana ndicho wanachotaka. Na Sheila nyumbani, unamjua, ameniwekea ngumu, anataka Jumamosi zangu. Mashindano tumejitoa.

Imeniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Miaka kumi na moja siyo mchezo.

Kwa hiyo ile safari ya Krismasi haina haja tena, kama ulikuwa unakuja kwa ajili ya bendi. Fanya kazi, pata fedha zako. Dramu zako ziko salama.

Raymond


Dortmund, 15 Januari 1984

Raymond,

Krismasi sikuja, kama ulivyotaka.

Barua yako niliipata jioni, na nataka ujue kwamba niliamini. Niliamini kila neno. Niliwanunulia wenzangu wote wa kibandani bia, tukasimama, tukainua glasi, Mskoti akasema maneno mazuri kuhusu bendi ambayo hajawahi kuisikia. Nililia mbele ya waashi wanane. Kisha nikapanda kitandani, nikaisoma tena barua ili nilale nayo, nikafika kwenye mgongo wa Ken.

Nikakaa.

Mgongo wa Ken, Raymond! Hata hukuubadilisha. Mgongo, mashine ya muziki, Sheila, kwa mpangilio uleule uliompa Trevor, na mimi niliyesimama kando yako siku ile nikijiuma ulimi nisicheke. Hukuweza kunitungia hata uongo wangu mwenyewe? Ungesema Ken kachomwa na samaki. Ungesema baa imeungua. Mimi ndugu yako nimepewa uongo uliokwisha kuvaliwa na mtu mwingine.

Nikasema labda ni kweli. Labda mwaka huu mgongo umeuma kweli. Siku ya Krismasi nikaenda kwenye kibanda cha simu na sarafu zangu, nikampigia Mama. Nakuandikia tulivyosema, ili usije ukamgombeza.

"Mama, bendi ya Raymond iliishaje?"

"Iliishaje nini? Nimetoka kuwasikiliza Jumapili iliyopita, wanapopiga mchana, Sheila alinipeleka na gari. Wazuri hao, mwanangu! Siku hizi wanajiita North Wall. Wana msichana, Lorraine, wa duka la viatu, ana adabu, na dramu anazijua. Mara ya kwanza nimesikia maneno ya nyimbo zenu, kumbe yana maana."

"Zamani ulikuwa huyasikii?"

"Ningeyasikia wapi, nanyi mlikuwa mnakimbizana? Nikajua ndiyo muziki wenu ulivyo. Sasa hawakimbizani tena. Nev? Umekula, mwanangu? Upo?"

Nilikuwepo. Sarafu ndizo zilizokwisha.

Nimefikiri sana tangu siku ile, maana kujenga ukuta kunampa mtu nafasi ya kufikiri. Dramu zimegeuzwa, sivyo? Ndiyo sababu watu wa Alhamisi hawahangaiki. Lorraine wenu anatumia mkono wa kulia kama binadamu wengine. Halafu nikakumbuka tangazo la kazi hii. Wewe ndiye uliyelikata gazetini. Ukaniletea mpaka mlangoni, ukanikalisha, ukaniambia Ujerumani wanatafuta waashi, nafasi kama hii haiji mara mbili. Wewe ni fundi bomba, Raymond. Ulikuwa unatafuta nini kwenye ukurasa wa waashi?

Nina swali moja, nijibu bila kuzunguka. Tangu lini?

Neville


Grimsby, 11 Machi 1984

Nev,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Mama yuko vizuri, anatembea hadi dukani na kurudi, ana fimbo lakini anaitumia zaidi kunyooshea watu. Sheila mzima. Paka kahamia kabisa kwenye ile nyumba nyingine.

Sawa. Umeuliza tangu lini. Tangu siku ya kwanza.

Unakimbia, Nev. Unaanza wimbo na sisi, halafu unatuacha, unafika mwisho unatusubiri. Mimi naimba huku nahema kama mbwa. Ken alikuwa anaomba tukuambie tangu mwaka wa pili. Wilf alishawahi kuniambia, tena mbele ya mke wake, "Ndugu yako anapiga kama mtu anayetaka kuwahi chakula." Nikamwambia afunge mdomo. Miaka kumi na moja nimewaambia wote wafunge midomo, kwa ajili yako, na kila mwaka tunakwenda kwenye mchujo tunarudi kimya ndani ya gari, na wewe ndiye unayetufariji! "Mwakani, jamani." Unatupiga mabega. Ningekuambiaje? Ulikuwa na furaha mno pale nyuma. Nikigeuka nakuona uso wako, neno linarudi kooni.

Tangazo nililikata mimi, ndiyo. Nilifikiri miezi sita ingetosha, tujaribu mara moja tu tuone. Kazi ilikuwa nzuri, hilo huwezi kukataa. Na ulipoandika unakuja Krismasi nikababaika, nikaandika kilichonijia kichwani. Kuhusu mgongo wa Ken sina la kusema. Ken mwenyewe kanicheka.

Basi tuyaache hayo, yamepita, sisi ni ndugu. Nakuandikia kwa jambo jingine. Tulipita na nusu fainali. Tuko fainali, Nev, Hull, ukumbi una viti vinavyokunjika kama vya sinema! Sasa wiki iliyopita Lorraine ameteleza kwenye barafu mbele ya duka lake, kifundo cha mkono kimevunjika, plasta hadi Mei. Nimezunguka mji mzima. Kila mpiga dramu mwenye maana ana bendi yake, na aliyebaki ni yule askari mstaafu.

Njoo. Mkataba wako unaisha, feri sasa hazina shida. Dramu nitazigeuza mwenyewe kwa mikono yangu, zirudi ulivyoziacha. Zile nyimbo za haraka tutazipunguza, na wewe jitahidi tu kunitazama mimi, nikitikisa kichwa ujue upunguze. Tutafanya mazoezi wiki mbili. Hata tusiposhinda si kitu.

Kiti chako kipo.

Raymond


Dortmund, 27 Machi 1984

Kaka Raymond,

Barua imefika. Nimefurahi kwamba Mama anatembea, na hiyo fimbo asinyang'anywe. Mpe pole Lorraine, nasema bila kejeli. Mkono wa mpiga dramu ukivunjika ni msiba, na sijawahi kumchukia, sijawahi hata kumwona.

Nilikuahidi nitakusimulia ile Jumatano ya Novemba. Ilikuwa hivi. Wimbo wa kwanza, hatujafika hata kwenye kiitikio, Jürgen akanyanyua mkono na bendi nzima ikanyamaza. Baa imejaa. Akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Rafiki, unakwenda wapi? Unawahi treni gani?" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kumvalisha toazi kichwani. Nilitoka bila koti, nikarudi kibandani kwa miguu nikimtukana njia nzima, yeye na mama yake na besi yake.

Jumatano iliyofuata nilirudi kwa hasira, nimwonyeshe. Akanikalisha mapema, kabla wateja hawajaingia. "Piga taratibu," akasema. "Taratibu zaidi. Hapana, bado unawahi treni. Sasa acha kujisikiliza wewe, nisikilize mimi." Tulipiga wimbo mmoja mpaka mwenye baa akatuomba tumhurumie. Tumefanya hivyo kila Jumatano, majira yote ya baridi. Mwezi wa pili Jürgen aliweka besi chini, akanywa bia yake, akasema, "Leo treni umeiacha iende." Nilirudi kibandani nikiruka madimbwi kama mtoto.

Sikukuandikia kwa sababu mwanzoni nilitaka iwe zawadi. Nilipanga nije Krismasi, nikae kwenye kiti changu, mwanze wimbo, uhisi tofauti, ugeuke unitazame. Hicho tu ndicho nilichotaka. Ugeuke. Na hata baada ya bendi kufa niliendelea kwenda, sijui kwa nini, labda mtu akishazoea kitu.

Jürgen alinijua kwa dakika tatu, akaniambia. Wewe umenijua tangu niko kwenye nepi, ukaona afadhali unitafutie kazi nchi nyingine. Kwa Lorraine sina ugomvi, na hilo jina lenu jipya ni zuri kuliko la zamani. Kinachoniuma, na kinaniuma sana Raymond, hadi nashindwa kula, ni kwamba neno moja lilikushinda miaka kumi na moja. Nami ningelipokea. Ningekutukana, ningevunja glasi ya Wilf, ningenuna wiki mbili, kisha ningerudi. Ndivyo nilivyo, na wewe unajua ndivyo nilivyo. Sasa umeniandikia barua ndefu, na ndani yake nimetafuta neno samahani. Liko la Ken, liko la Wilf, la paka liko. La samahani sikuliona.

Unaahidi utanitikisia kichwa. Asante.

Kuhusu kiti, kichukue pale Bosun umpelekee Mama. Kinapanda na kushuka, kifunge kwenye urefu wake wa juu kabisa, akae jikoni amenye viazi bila kukunja goti. Dramu mwachie Lorraine. Ziko tayari upande anaoutaka.

Na kuhusu fainali, ningependa sana kuja. Sijawahi kupiga Hull, na ukumbi wenye viti vya kukunja nimeuota tangu utotoni. Ila nimesaini mkataba mwingine hadi Oktoba, na juu ya hilo matofali haya yameniharibu mgongo. Siku hizi siwezi kunyanyua hata spika ndogo. Unajua mwenyewe mambo ya mgongo yalivyo.

Msalimie Ken.

Neville